Bwawa la Nyumbani: Roboti Ifagie, Nani Apime?

Mwisho wa Aprili, masika yakiwa hayajakata, wifi yangu alimpigia simu fundi ambaye kaka alikuwa amemsimamisha kazi tangu katikati ya Januari. Hakumwambia mumewe. Fundi akafika Mbezi Beach Jumamosi saa mbili asubuhi, akasimama ukingoni mwa bwawa, kofia ya bodaboda bado mkononi, akatazama. Maji yalikuwa na rangi ya mlenda. Chini yake, kwa kukaza macho, tuliiona roboti ikitambaa polepole, waya wake wa buluu ukielea nyuma.

"Inafanya kazi?" fundi akauliza.

"Kila siku," kaka akajibu.

Na ilikuwa kweli. Tulipoitoa, kikapu chake kilikuwa kimejaa mchanga na sindano za mvinje. Mahali ilipopita, sakafu ilikuwa haina hata jani. Bwawa lilikuwa limefagiwa vizuri kuliko lilivyowahi kufagiwa, na hakuna mtoto ambaye angeruhusiwa kutia mguu ndani yake.

Tulikaa barazani: kaka, wifi, fundi, mjomba wetu ambaye alifundisha kemia sekondari mpaka alipostaafu, na mimi. Nimeyaandika yaliyosemwa kwa sababu swali lile si la nyumba moja. Nami nina upande wangu, na sitauficha.

KAKA: Nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Bwawa hili lina urefu wa mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita moja na nusu. Ni lita 48,000. Fundi alikuja mara tatu kwa wiki: anafagia, anaopoa majani, anaweka dawa, anaondoka. Siku akiumwa, majani ya mkungu yanaoza chini. Roboti haiumwi. Naiteremsha alfajiri, baada ya saa mbili na nusu naitoa, nasuuza kikapu kwa mpira wa maji, basi. Inapanda mpaka ukutani. Na umeme? Pampu ya kilowati 0.75 ikizunguka saa nane inakula yuniti sita za Luku. Roboti ya wati 150 haimalizi hata nusu yuniti. Kwa nini nisijitunzie bwawa langu mwenyewe?

FUNDI: Kufagia imenishinda, bosi. Sikatai. Mimi nikifagia, tope laini linapanda juu, nangoja litulie, narudia. Yenyewe inalinyonya palepale.

MJOMBA: Na mkumbuke kwamba mashine hizi zina historia ya karibu na sisi kuliko mnavyodhani. Ferdinand Chauvier alikuwa mhandisi wa mambo ya maji aliyetoka Kongo, ile ya Wabelgiji, akahamia Afrika Kusini mwaka 1951. Mwaka 1974 ndipo Kreepy Krauly yake ikatoka: kifaa kinachotembea chini ya bwawa kwa nguvu ya mvuto wa pampu tu, bila injini yake. Tofauti ya hii yako, mpwa wangu, ni kwamba ina mota yake na chujio lake. Ile ya Chauvier pampu ikizimwa nayo inalala.

KAKA: Basi hapo ndipo faida ilipo. Pampu nikaipunguza. Kutoka saa nane mpaka tatu.

Fundi aliinua kichwa aliposikia hilo. Hakusema kitu. Aliuliza swali lingine, na kwangu mimi mjadala wote ulikuwa ndani ya swali hilo.

FUNDI: Dawa unaweka ipi, bosi?

KAKA: Vidonge. Vile vikubwa vya gramu 200, kwenye kiboya. Muuzaji aliniambia ni rahisi kuliko unga: unatia, unasahau.

FUNDI: Tangu Januari?

KAKA: Tangu Januari. Kimoja kila siku mbili. Na klorini ipo, msidhani haipo! Nimepima kwa vijiti vya karatasi, inasoma 3. Kitabu kinasema 1 mpaka 3. Ipo, na maji yamegeuka kijani. Ndiyo maana nikasema labda roboti ifanye kazi mara mbili kwa siku.

Ningependa kila mwenye bwawa asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo kaka yangu, mtu makini asiyekubali kudanganywa hata na mizani ya sokoni, alipopotea. Alikuwa na namba sahihi mkononi, na namba hiyo ilikuwa haimwambii analotaka kujua.

MJOMBA: Leteni kile kisanduku changu cha vipimo. Hiki kina kipimo ambacho vijiti vyako havina. Unachanganya maji ya bwawa na dawa hii, yanakuwa kama maziwa mepesi. Unayamimina kwenye kibomba, unachungulia kutoka juu mpaka doa jeusi la chini lipotee. Tazama mwenyewe.

Kaka alichungulia. Doa lilipotea mapema sana, kibomba kikiwa hakijafika hata nusu.

MJOMBA: Imepita 100. Inakaribia 120. Hiyo ni asidi ya sianuriki, ambayo mafundi wanaiita stebilaiza. Inayotakiwa ni kati ya 30 na 50, miligramu kwa lita. Sasa, stebilaiza si adui. Klorini isiyo na kinga, kwenye jua la Dar es Salaam, sehemu yake kubwa inapotea ndani ya saa mbili. Ni kama barafu ya muuza samaki. Ukiiacha wazi inayeyuka. Ukiifunika gunia inakaa. Lakini ukirundika magunia kumi, barafu ipo, na samaki hapati ubaridi. Kijiti chako kimehesabu barafu. Hakikukwambia iko chini ya magunia mangapi.

KAKA: Magunia yametoka wapi? Mimi sijaweka stebilaiza hata siku moja.

MJOMBA: Umeiweka kila siku. Iko ndani ya kidonge. Kila miligramu 10 za klorini kidonge kinazotoa, kinaacha miligramu 6 za stebilaiza. Ukitia miligramu 2 kwa lita kila siku, mwezi mmoja umeongeza 36. Miezi mitatu, zaidi ya 100. Klorini inatumika inaisha. Stebilaiza haichemki, haipai angani, haishikwi na filta. Inatoka kwa njia moja tu: kumwaga maji.

KAKA: Kwa hiyo ilikuwa inajirundika huku mimi nasuuza kikapu.

Nilimhurumia. Si mzembe. Alifanya kila alichoambiwa na kijitabu cha roboti, hata transfoma aliiweka mbali na ukingo kama ilivyoandikwa. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba bwawa ni sakafu. Mashine ile imeundwa kuona kile kilichozama, na inakiona vizuri. Ukijani haujazama. Unaelea ndani ya maji pamoja na kila kitu kingine ambacho jicho halikioni, na huko roboti haina habari. Chujio lake halina dawa, haliui kidudu. Wala haliwezi kuisambaza klorini katika lita 48,000 kama pampu inavyofanya, ndiyo maana zile saa tano alizoipunguzia pampu ziliuma mara mbili.

Lakini kaka hakuwa mtu wa kukubali upesi, na alichosema baadaye kilikuwa haki yake.

KAKA: Sawa. Nimekosea. Lakini fundi, nikuulize na wewe. Miaka yote uliyokuja hapa, ulipima mara ngapi?

Fundi alinyamaza.

KAKA: Nilikuwa nakuona. Unachota unga kwa kikombe cha chai, unaunusa upepo, unamwaga. Siku maji yakiwasha macho ya watoto unasema klorini imezidi.

FUNDI: Hilo kweli, bosi. Sikuwa napima. Kisanduku kama hiki cha mzee sijawahi kukimiliki. Nyumba zote ninazohudumia, hakuna mwenye nyumba aliyewahi kukinunua, na mimi kwa hela ya kufagia sikimudu. Nilijua kwa mkono. Ukishika ukuta ukateleza, ujue mwani unaanza hata kama maji ni meupe. Asubuhi ukiona mapovu ya pampu yanachelewa kupasuka, kuna mafuta ya ngozi mengi. Na unga nilikuwa nauweka jioni, jua likishazama.

MJOMBA: Hayo ya mkono na jioni ni elimu. Ya macho kuwasha ulikosea. Harufu kali na macho mekundu mara nyingi si klorini kuzidi, ni klorini kupungua: imeshikana na jasho na mkojo, ikawa kitu kingine kinachonuka na kisichosafisha. Dawa yake ni kuongeza, wala si kupunguza.

FUNDI: Kumbe. Nilikuwa napunguza.

Kwa hiyo tulikuwa na mwenye nyumba aliyepima kitu kisichotosha, na fundi aliyejua mengi bila kupima. Walio upande wa roboti hupenda kusimulia uzembe wa mafundi; walio upande wa mafundi hupenda kucheka matajiri waliokabidhi bwawa kwa mashine. Mimi nasema wote wawili walikuwa wananyimwa kitu kimoja, kisanduku kidogo kile cha plastiki, na aliyepaswa kukinunua ni mwenye bwawa. Kaka alinunua mashine ya gharama kubwa kabla ya kununua kipimo. Hilo nililimwambia, na sikumung'unya maneno.

KAKA: Basi tuache kulaumiana. Fundi, chomoa maji yote leo. Tusugue, tuanze upya.

FUNDI: Usithubutu, bosi.

Alisema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Wifi aliacha kumenya machungwa.

FUNDI: Masika haya? Hapa Mbezi ardhi imeshiba. Ukichimba shimo la mti unakuta maji. Bwawa lililojaa ni zito, linaikalia ardhi. Ukilikausha wakati maji ya chini yamepanda, yatalisukuma kutoka chini. Litapanda kama mtumbwi. Niliwahi kuliona moja, ukingo umeinuka, vigae vimepasuka, mabomba yamekatika. Lile halitengenezwi, linabomolewa.

MJOMBA: Ni kanuni ya Archimedes, mpwa wangu. Fundi anasema kweli tupu.

FUNDI: Tutatoa robo. Tunajaza. Tunatoa robo nyingine, tunajaza. Mara tatu.

MJOMBA: Ngoja nihesabu. Robo ya kwanza inabaki 75 kwa mia. Ya pili, 56. Ya tatu, 42. Kama ni 120 tutafika kama 50. Lita 36,000 za kubadilisha. Boza la lita 10,000 lije karibu mara nne, tukiacha zile ambazo mvua itatupa.

Kaka aliandika namba hizo nyuma ya risiti ya umeme. Nilimwona akijumlisha bei ya maboza, na akijumlisha tena.

Mpaka hapo wifi alikuwa hajasema lolote. Wanaume walikuwa wakizungumza juu ya maji. Yeye alikuwa akifikiria waogeleaji.

WIFI: Mimi nawasikia tu. Nyie mnahesabu stebilaiza. Mimi nahesabu watoto. Fundi alipokuwa anakuja, saa moja na nusu asubuhi kulikuwa na mtu mzima anayetazama maji. Geti la uzio likiachwa wazi alilifunga yeye. Siku ile mdogo alipofungua peke yake, nani alimwona? Fundi. Roboti ingepita chini yake.

KAKA: Hilo si kosa la roboti.

WIFI: Sijasema ni kosa lake. Nasema tulimtoa mtu tukadhani tumetoa ufagio tu. Na kingine: watoto wameshaanza kuruka majini roboti ikiwa ndani, wanashindana kushika waya. Mwanzoni uliwakataza, siku hizi unasema ni umeme mdogo.

Hapo kaka hakuwa na la kujibu, wala hapakuwa na jibu. Umeme unaoshuka kwenye waya ule ni mdogo kweli, lakini transfoma ya juu inakunywa wa ukutani, na kanuni ni moja: roboti ikiwa majini, hakuna mtu majini. Njia ya umeme inayoilisha iwe na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Na uzio wa bwawa hauna maana kama geti lake halijifungi.

WIFI: Na hizo dawa zako ziko wapi? Chini ya ngazi, vidonge juu ya ndoo ya unga.

Fundi alisimama bila kuambiwa, akaenda kutazama. Alirudi amebeba ndoo moja kila mkono, mikono ameitanua kabisa.

FUNDI: Bosi, hivi viwili havilali chumba kimoja. Unga wa kalsiamu na vidonge vikikutana, hata kwa kijiko kimoja tu kilichotumika kote, vinaweza kushika moto. Nimeshaona ndoo ikitoa moshi. Na asidi iwe mbali na vyote, maana asidi ikikutana na klorini inatoka gesi ambayo haimpi mtu nafasi ya kukimbia. Na unga, siku zote maji kwanza kwenye ndoo, halafu unga juu yake. Usimwagie unga maji.

KAKA: Kwa nini hukuwahi kuniambia?

FUNDI: Hukuwahi kuniuliza, bosi. Nilikuwa mfagiaji.

Neno hilo lilikaa barazani. Ninalirudia hapa kwa makusudi, maana ndilo linalonifanya nichague upande.

Nasema mwenye bwawa na ajitunzie bwawa lake, na roboti na ainunue kama anaimudu. Hakuna heshima yoyote katika kumlipa mtu mzima asukume fagio juani kazi ambayo mota ya wati 150 inaifanya vizuri zaidi. Lakini muda ambao roboti inamrudishia auweke kwenye maji: klorini na pH angalau mara mbili kwa wiki, stebilaiza kila mwezi, filta ya mchanga ioshwe kinyumenyume, ile mafundi wanayoiita bekiwoshi, geji inapopanda psi 8 hadi 10 juu ya pale inaposomeka ikiwa safi. Kama hataki kazi hiyo, asiseme anajitunzia bwawa. Anafagia tu kwa remoti. Na akisafiri wiki tatu akaliacha, atakuwa amefuga mbu katikati ya mtaa. Dar es Salaam ilishaumwa na dengi mwaka 2014 na ikarudi kuumwa 2019. Hatuhitaji lita 48,000 za mazalia nyuma ya ukuta wa mtu.

Kuhusu unga na vidonge, fundi na mjomba walibishana muda mrefu, nami sitawarudishia wasomaji yote. Kifupi, unga nao una lake: unapandisha pH na kuacha chokaa, na pH ikifika 8 ni kama robo tu ya klorini inayobaki na makali. Ila unga hauleti stebilaiza. Kwa bwawa hili, gramu 150 za unga wa asilimia 65 zinatoa zile miligramu 2 za siku. Walikubaliana hivyo: unga kila jioni, vidonge viwe vya safari tu.

Kisha kaka akaliuliza lililokuwa limebaki.

KAKA: Fundi, ukirudi, utataka ngapi?

FUNDI: Zamani nilikuja mara kumi na mbili kwa mwezi. Sasa nitakuja mara mbili. Nataka hela ileile.

KAKA: Mara mbili kwa hela ya mara kumi na mbili?

FUNDI: Zile kumi nilikuwa nafagia. Umeshaipa mashine, na mimi sina kinyongo nayo. Hizi mbili ni za maji. Nitapima kila kitu, nitafungua filta, nitakagua pampu na geti, nitakuandikia. Siku nyingine unapima mwenyewe, ukiona namba imekataa unanipigia simu.

MJOMBA: Gawanya bei ya boza nne kwa miezi mitatu, mpwa wangu, halafu ndiyo ujibu.

Mimi nilisema fundi anastahili, na nilisema kwa sauti. Wifi akasema vilevile. Kaka hakujibu. Aliinuka, akaingia ndani, tukadhani amekasirika. Akarudi na daftari jipya la shule la mwanawe mdogo, mistari bado mitupu, akalipiga rula safu nne: tarehe, klorini, pH, mengineyo. Akampa fundi kalamu.

Fundi alitoa kibomba cha pili kwenye kisanduku cha mjomba, akachota maji kina cha kiwiko, mbali na bomba la pampu, akadondosha matone matano ya dawa nyekundu. Mtoto alikuwa ameshamsogelea. Fundi alimpa akishike juu, mbele ya ukuta mweupe.

"Rangi gani?"

"Njano."

"Njano kama nini?"

Mtoto alifikiri. "Kama embe dodo."

Njano ile ilimaanisha maji yamekuwa na asidi, maana vidonge vile ni vikali kama siki. Skrubu za ngazi ya bwawa zilikuwa zimeanza kutu na sisi tukalaumu mvua. Fundi aliandika chini ya pH: 6.8. Akamgeukia kaka.

"Bosi, utahitaji magadi. Yale ya kiwandani, si ya maharage."

"Kilo ngapi?"

"Kidogo kidogo. Tukishabadilisha robo ya kwanza tunapima tena, ndiyo nitakwambia."

Kaka aliandika hilo pia.